Rundo la Mawe la Hafnir

Bergen, 14 Septemba 1969

Baba mpendwa,

Salamu nyingi, na shukrani zimezidi salamu. Natumai u mzima, kifua kimepoa, na yule kondoo jike mkorofi hajakuvunja mguu bado. Mimi sijambo. Samaki mkavu amefika salama. Nilimfungua ofisini, na Wanorwe wangu wakafungua madirisha yote kwa harufu. Nikawaambia vizuri, basi, nitakula peke yangu. Nikampaka siagi nikala peke yangu kweli, na siku hiyo sikutaka chakula kingine.

Sasa nikuambie la kazini. Meli ya utafiti imerudi kutoka huko kwetu Iceland, imepima kina cha bahari kuanzia ncha ya Reykjanes mpaka mbali kusini-magharibi. Vipimo vimekuja mezani kwetu tuvichoree ramani, na karatasi yenye Eldey nimepewa mimi. Baba, sikulala vizuri kwa furaha. Unajua huko chini kuna nini? Kuna milima ya moto, mmoja nyuma ya mwingine, imejipanga mstari mzima gizani na hakuna aliyewahi kuiona. Eldey ndiyo pekee iliyotoa kichwa, na kichwa chenyewe kimejaa ndege mpaka hapana pa kuweka kidole. Miaka yote tumekitazama kile kisiwa dirishani tukidhani kiko peke yake, kumbe kina ukoo mrefu majini!

Nina ombi. Nipe alama za Bibi, lile eneo letu la samaki. Najua ni siri, na najua siri ya mahali pa kuvulia haiandikwi, husemwa mashuani tu, kwa aliyeshika kasia. Lakini nataka kumwona Bibi alipokaa kwenye ramani yangu. Kama hutaki, nitaelewa, ila nitanuna mpaka Krismasi.

Niandikie. Usipige simu, maana laini ile moja inasikilizwa na nyumba zote za Hafnir, na barua ikikaa wiki tatu njiani walau inafika bila maoni ya majirani.

Binti yako anayekupenda,
Veiga


Hafnir, 5 Oktoba 1969

Veiga mwanangu,

Nakusalimu. Mimi mzima, kifua kinakoroma kidogo lakini kinakoroma kistaarabu. Kondoo wote wameshuka kutoka milimani isipokuwa wawili. Yule mkorofi ameshuka wa kwanza, mnene, ananitazama kama mimi ndiye ninayekula kwake. Ndege wa Eldey nao wameondoka, mwamba umebaki mweupe kwa mavi yao tu. Nimefurahi samaki amekufaa. Hao Wanorwe wasiojua kitu kizuri wasikutie huzuni, mababu zetu waliwakimbia zamani kwa sababu zao.

Umeomba alama za Bibi. Ungeniomba miaka ishirini iliyopita ningekuambia subiri nife. Babu yako alinipa nikiwa na miaka kumi na minne, mikono yangu ikiwa kwenye kasia, akaniapisha nisimwambie hata kuhani. Leo zichukue, hazina thamani tena.

Ondoka hapa kuelekea Eldey mpaka ukingo wake wa kaskazini uguse ule mwamba mdogo ulio nyuma yake, vibusu tu, visikumbatiane. Hapo uko kwenye mstari wa kwanza. Shika mstari huo, ugeuke utazame nchi kavu. Kwenye uwanda juu ya nyumba yetu kuna rundo la mawe alilolijenga baba wa babu yako. Rundo likisimama chini ya kilele cha mlima Keilir sawasawa, umefika. Kamba ya kupimia kina, yenye kipande cha risasi nchani, ilikuwa inagusa chini kwa pima thelathini na nane, na mafuta tuliyopaka risasi yalileta changarawe na magamba ya kome. Tulimwita Bibi kwa sababu hakuwahi kututuma nyumbani mikono mitupu.

Mpaka Mei mwaka 1949, pale mjomba wako alipoharibu. Sijawahi kukueleza, ulikuwa mtoto. Nilimkuta Ámundi kwenye rundo langu, jiwe mkononi. Kwa macho yangu! Siku ya pili nikaenda kwa Bibi kwa mara ya kwanza mwaka ule, nikaweka alama zote sawa, kamba ikagusa chini kwa pima ishirini na nne. Changarawe hakuna, samaki hakuna. Amelihamisha, basi. Kulihamisha rundo la mwenzio ni kumtoboa macho, na aliyenitoboa ni kaka wa mke wangu niliyekuwa nikigawana naye mashua na tumbaku. Sijasema naye tangu siku hiyo.

Moshi wake bado nauona. Wanasema miguu imemwisha, na baada ya Pasaka watampeleka Keflavík kwenye nyumba ya wazee. Si shughuli yangu.

Kula vizuri, vaa sufu.

Baba yako,
Hallvarður


Bergen, 26 Oktoba 1969

Baba mpendwa,

Natumai u mzima na umekaa kitini. Kama umesimama, kaa.

Mimi ndiye niliyebomoa rundo la mawe.

Nimeandika sentensi hiyo kwenye karatasi sita na kuzichana zote, hii ya saba sitaichana. Nilikuwa na miaka tisa. Unakumbuka shamba langu la kuchezea, la mifupa? Pembe zilikuwa kondoo, taya zilikuwa ng'ombe, na mifupa ya miguu ilikuwa farasi. Mvua ilikuwa imeharibu zizi langu, nami nilitaka zizi la mawe, la kweli, kama lako. Nikapanda uwandani nikachomoa mawe ya kando ya rundo, yale ya bapa, mazuri. Nilipochomoa la nne, ya juu yakateleza yote, rundo likapoteza kichwa. Nilikimbia na mawe yangu manne. Nilijua ni la baharini, Baba. Mtoto gani wa Hafnir asiyejua?

Kesho yake nilikuta zizi limeondolewa, na mifupa yangu yote imepangwa safu moja kwenye majani, wakubwa mbele, wadogo nyuma, hakuna hata mmoja aliyepotea. Sikuelewa. Kisha nikasikia kelele uwandani, nikachungulia dirishani, nikawaona wewe na Mjomba. Nilisikia ulivyomwita. Usiku ule Mama alilia jikoni, nami nikajua machozi yale ni yangu, nikanyamaza. Siku ya pili pia nikanyamaza. Kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kuzito zaidi. Kisha Mama akafa, nikamwona Mjomba amesimama nyuma kabisa kanisani, na bado nikanyamaza.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeificha aibu yangu mpaka imekaribia kuwazika nyinyi wawili bila kupeana mkono. Nimeona aibu sana niliposoma kwamba anaondoka baada ya Pasaka. Nenda kwake, Baba. Nihukumu utakavyo, lakini nenda.

Nisamehe.

Binti yako,
Sigurveig


Bergen, 7 Desemba 1969

Baba,

Salamu. Hujaniandikia. Nimehesabu meli, tatu zimeleta posta ya Iceland bila mwandiko wako. Najua kwamba kimya chako nimekistahili. Natumai tu u mzima, na kama huwezi kuandika mengi, andika neno moja kwamba kifua hakijakuangusha.

Lakini kuna jambo lazima ulijue, hata kama unaichukia sura yangu.

Nimeziweka alama zako kwenye ramani. Nilichora mstari wa Eldey, nikachora wa Keilir na rundo, na ilipokutana mistari nikatazama kipimo cha meli. Pima ishirini na nne. Si thelathini na nane.

Nikadhani nimekosea. Nikarudia. Ishirini na nne. Rundo niliweka mahali lilipo kwenye ramani ya nchi kavu ya mwaka 1910, miaka thelathini na tisa kabla ya mikono yangu kulifikia, na ni palepale lilipo leo, nimelinganisha na picha mpya iliyopigwa kutoka angani. Halijasogea hata hatua moja, Baba.

Nikampelekea bosi wangu, mzee asiyecheka. Akatoa sanduku la mawe ambayo meli iliyachota huko chini. Jiwe la hapo ni jeusi, linang'aa, kingo zake zinakata kidole, halijashikwa hata na kome mmoja. Akaniambia, "Binti, hili ni changa kuliko wewe." Kisha akaenda kabatini akarudi na daftari la nahodha mmoja wa meli ya mizigo. Aprili 1949, mashariki kidogo ya Eldey: maji yamegeuka rangi ya kahawa, harufu ya mayai mabovu, samaki waliokufa wanaelea.

Unaelewa? Moto ulitoka chini, kimyakimya, bila moshi wa kuonekana Hafnir. Ukamfunika Bibi kwa mwamba mpya, changarawe na kome na kila kitu. Wewe ulikuwa sawa. Alama zako zilikuwa sawa. Uliifikisha mashua pale pale aliposema babu, ila Bibi mwenyewe alikuwa amezikwa mwezi mmoja kabla.

Mjomba hakulihamisha rundo. Alilirudisha. Ulimkuta na jiwe mkononi kwa sababu alikuwa anaokota nilichobomoa mimi.

Tafadhali niandikie.

Veiga


Hafnir, 11 Januari 1970

Mwanangu Veiga,

Heri ya mwaka mpya. Mimi mzima. Barua zako mbili nimezipata, na ya pili naiweka ndani ya Biblia, ambako mama yako alikuwa anaweka vitu nisivyovisoma.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Sijakukasirikia. Nilijaribu siku mbili, nikashindwa. Mtoto wa miaka tisa aliyetaka zizi la mawe! Mimi mwenyewe katika umri huo niliichoma moto nguo ya baba yangu ya kanisani. Asante kwa kuniambia. Nasema asante na sikosei neno. Ungeweza kuninyamazia mpaka nife nikiwa mpumbavu mwenye uhakika.

Nisichoweza ni kulala. Kuna jambo la siku ile ambalo wewe hukulisikia kutoka dirishani. Nilipomkuta na jiwe, nilimuuliza, "Unafanya nini na rundo langu?" Akasema, "Nalirudisha." Nikamuuliza, "Nani amelivunja?" Veiga, alitazama nyumba yetu. Akatazama dirishani. Kisha akasema, "Upepo."

Upepo! Siku ile ilikuwa tulivu, nguo za mama yako zilining'inia kwenye kamba bila kucheza. Nikamwita mwongo, nikamwita mengine ambayo siyaandiki. Naye akaniangalia tu, akaweka lile jiwe lake juu, akalisawazisha kwa kiganja, akashuka. Nilidhani ananyamaza kwa kuwa hana la kujitetea. Hasira hasara, nimewaambia hivyo vijana wengi mashuani.

Alijua. Alijua ni wewe, kwa kuwa mawe aliyatoa zizini mwako, na alikuwa na jina lako mdomoni, angelitaja angebaki na shemeji na mashua. Hakulitaja.

Na mimi siku ya mazishi ya dada yake sikumpa mkono. Aliunyoosha, Veiga. Nilitazama kofia yangu.

Tangu Krismasi nimekwenda mpaka ukuta wake mara tatu nikarudi. Mara ya tatu mbwa wake alinisindikiza mpaka nyumbani, sijui kwa huruma au kwa dharau. Ni hatua mia mbili. Nimevuka bahari mbaya kuliko hatua hizo. Lakini mtu husema nini akifika mlangoni? "Samahani, nimechelewa miaka ishirini"? Pasaka mwaka huu iko mapema, mwisho wa Machi, na mfuko wake wa safari nimeambiwa umeshafungwa.

Wewe umesoma. Niambie la kusema.

Baba yako


Bergen, 1 Februari 1970

Baba mpendwa,

Salamu, na asante kwa barua. Nimeisoma nikilia kwenye basi, na mama mmoja wa Kinorwe akanipa peremende.

Usiseme kitu. Nimekuwekea ramani, nimeinakili mwenyewe nje ya saa za kazi. Milima yote ya chini imo, na Eldey, na mistari yako miwili inapokutana. Chukua hii, ingia, ifungue mezani kwake. Mzee aliyevua miaka hamsini akiona ramani ya bahari yake atauliza swali, na wewe utajibu. Hapo mtakuwa mmeshaanza kusema.

Kisha mwambie kwamba mimi najua. Kwamba nilikuwa dirishani. Mwambie asante, Baba. Miaka yote hii nilidhani nina deni la kuomba radhi, na kumbe kabla ya radhi nilipaswa kusema asante.

Nenda leo. Kawia ufike, wanasema, lakini wewe umeshakawia vya kutosha.

Binti yako,
Veiga


Hafnir, 9 Aprili 1970

Mpendwa Veiga,

Baba yako anakusalimu sana na kuuliza afya yako. Yeye ni mzima isipokuwa mkono wa kulia, ulioteguka, ndiyo maana mwandiko huu si wake. Anasema niandike kila neno kama anavyolitamka bila kuongeza langu. (Nimekubali kwa mdomo.)

Anasema alikwenda siku barua yako ilipofika. Alikwenda kwa haraka, ili asirudi tena, na kwa haraka hiyo akasahau kwamba ngazi ya mlangoni kwangu ina kidato kilichovunjika. (Kimevunjika tangu 1958. Angekuwa anakuja kunitembelea angejua.) Alianguka kifudifudi na mkono wake chini, ramani ikaruka ikaingia ndani kabla yake. Nikafungua mlango nikamkuta amelala kizingitini, anatukana.

Nikamwambia, "Shemeji, siku hizi unabisha hodi kwa kichwa?"

Akasema, "Nisaidie kusimama kwanza."

Nikamwambia miguu yangu haifai, tutasaidiana. Tulichukua muda mrefu kuinuka, wazee wawili na mbwa mmoja asiye na msaada. Kisha nikachemsha kahawa. Akaweka kipande cha sukari katikati ya meno kama zamani, akanywa, na sukari ilipokwisha akaanza kulia. (Anasema nisiandike hivyo. Nimeandika.) Alilia kama mtu asiyejua namna. Akanyoosha mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa umevimba, akasema, "Huu ni wa mazishi ya Þórdís, dada yako." Nikaushika. Sikuwa na haraka ya kuuachia.

Sasa anasema nieleze la ramani. Tuliikalia siku nne. Nilimwonyesha mahali ambapo mwaka 1926 kamba zangu zilipanda zikiwa vuguvugu na wenzangu wakanicheka. Kumbe kuna kilima cha moto hapo hapo, umekichora. Nimewaandikia wale wawili walionicheka. Mmoja ameshakufa, lakini nimemwandikia vilevile.

Anasema nieleze la Keflavík. Sikwenda. Baba yako alisimama mbele ya gari la kunichukua, mkono wake kwenye bendeji, akamwambia dereva kwamba nyumba yake ina vyumba vitatu na mtu mmoja, na kwamba mwenye kutaka kunipeleka popote atamkanyaga yeye kwanza. Dereva akasema hakuja kumkanyaga mtu, alikuja na karatasi. Basi sasa nalala chumba chako, na mkorofi wa kondoo ananijua kwa jina.

Anasema nieleze la Jumamosi. Bahari ilitulia, mpwa wa mchungaji akatupeleka na mashua yenye injini. Ndege wamesharudi Eldey, kwa maelfu, wanagombania pa kukaa, kelele mpaka husikii injini. Tukaweka ukingo wa kaskazini ubusu ule mwamba mdogo. Tukageuka. Rundo lilikuwa chini ya Keilir, wima. Baba yako akashusha kamba ya risasi kwa mkono wake wa kushoto, mimi nikihesabu. Ishirini na nne. Akavua kofia. Akasema, "Bibi, tumekuja wote wawili." Tukashusha ndoana kwa heshima tu, na tukapata chewa mmoja, mdogo, mwenye sura ya kushangaa. Tukamla kwa viazi na siagi. Anasema hajawahi kutokea chewa mtamu kama yule, na hapa siongezi kitu, ni kweli.

Sasa amesinzia kitini, kwa hiyo haya yaliyobaki ni yangu.

Veiga, asante yako nimeipokea. Baba yako aliisoma kwa sauti mara mbili, ya pili nilimwomba mimi. Huenda unataka kujua kwa nini nilinyamaza. Nilipokuona dirishani uso wako ulikuwa mweupe kuliko kioo. Nikafikiri hivi: Hallvarður akipoteza rafiki, ni mtu mzima, atarudi akili zikirudi. Lakini mtoto akiambiwa kwamba ndiye aliyeitoboa macho bahari ya baba yake, hataitazama tena bahari maisha yake yote.

La baba yako nilikosea hesabu, nilidhani atachukua wiki mbili. Ni mzito, nilipaswa kujua. Lakini hili la pili sikukosea. Niko mezani kwenu, ramani yako iko mbele yangu, nimeishikiza kwa vikombe isijikunje, na kila mstari wa bahari hii umechorwa na wewe. Nimelipwa, mwanangu. Zaidi ya nilichotoa.

Njoo kiangazi. Kitanda chako nitakurudishia.

Mjomba wako,
Ámundi